Mgao wa pato la chombo: kwa moyo, kwa mafungu, au sawa kwa sawa?

Watu wakichanga fedha wakanunua mashua na mashine, hukaa wakajadili bei ya mbao, nguvu za mashine, na nani atashika usukani. Mgao huachwa hadi siku samaki wa kwanza wameshauzwa na fedha ziko mkononi. Ukiuliza mapema utajibiwa, "Sisi ni ndugu, hatutashindwana." Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, jamaa zangu wengine wako Malindi na Ngomeni, na ushirika mwingi niliouona ukivunjika ulikuwa na samaki wa kutosha. Kilichouvunja ni namna fedha zilivyogawanywa.

Njia zinazotumika ni tatu. Kwa moyo, mwenye chombo au nahodha hutazama, hukadiria, akampa kila mtu anachoona kinamfaa. Kwa mafungu, chombo kina mafungu yake, nyavu zina lake, nahodha ana yake na baharia lake, na hesabu inajulikana kabla ya kutweka. Sawa kwa sawa, gharama zikishatolewa, kinachobaki hukatwa kwa idadi ya vichwa. Watu wengi wanaoanza leo nawashauri wachague mafungu. Nitaeleza sababu, na nitasema pia ni wapi njia nyingine mbili zinashinda, kwa maana zipo mahali zinaposhinda.

Kuonewa kuna gharama

Mwaka 1982 Werner Güth na wenzake wawili, wanauchumi wa Ujerumani, walitoa utafiti wa mchezo mdogo. Mtu hupewa fedha na kuambiwa amkatie mwenzake asiyemjua. Mwenzake akikubali, kila mmoja huondoka na chake. Akikataa, wote wawili hutoka mikono mitupu. Kwa hesabu kavu, anayekatiwa angepokea hata shilingi moja, kwani moja ni zaidi ya sufuri. Lakini watu hawafanyi hivyo. Mchezo huo umerudiwa nchi nyingi, na anayekatiwa chini ya asilimia 20 hukataa karibu nusu ya nyakati. Wanaokata nao ni kama wanalijua hilo bila kuambiwa, maana wengi hutoa kati ya asilimia 40 na 50.

Wako waliodhani hayo ni mambo ya wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani. Mwanaanthropolojia Joseph Henrich na wenzake wakaupeleka mchezo katika jamii ndogo 15 za pande mbalimbali za dunia, wakatoa matokeo mwaka 2001 na kwa kirefu mwaka 2004. Mojawapo ilikuwa ya majirani zetu, Waorma wa Tana River, ambako mwanaanthropolojia Jean Ensminger alikuwa amefanya kazi miaka mingi. Waorma walikata kwa wastani asilimia 44. Alipowaletea mchezo mwingine, ambao kila mtu huchangia mfuko wa pamoja, mtafiti huuongeza, kisha hugawanywa sawa kwa wote, waliutambua papo hapo wakauita mchezo wa harambee. Mtu wa huku hahitaji kufundishwa mambo hayo. Anayo tayari, na anayapima matendo yako kwayo.

Baharia wa Amu hawezi kusema "nakataa" fedha zikaungua mkononi mwa mwenye chombo. Ana njia nyingine za kukataa. Samaki mmoja mkubwa, tewa, hushuka kwa jirani kabla ya mizani. Wavu ukinasa kwenye mwamba, hakuna anayeharakisha kupiga mbizi. Kaskazi ikiingia, bahari ikitulia na kila chombo kikitafuta watu, yeye huhamia chombo kingine bila kuaga. Mwenye chombo hubaki akisema vijana wa siku hizi hawana shukrani. Gharama hiyo hailetewi risiti, ndiyo maana haiingizwi kwenye hesabu.

Kwa moyo

Njia hii inadharauliwa na watu wa vyuoni, na si haki kuidharau. Nahodha mzuri anaona mambo ambayo daftari haliyaoni. Anajua ni nani aliyekesha akichota maji chomboni usiku ule mbao zilipoachia, na nani alilala. Anajua kijana fulani mkewe amejifungua juzi. Akimwongezea, wenzake watanyamaza kwa ridhaa, kwa sababu kila mmoja anajua siku yake itafika. Kwa chombo cha baba na wanawe, au ndugu wa nyumba moja wanaokula sinia moja, sioni haja ya kingine.

Swali ni moyo unaaminika wapi. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia miaka mingi akionyesha jinsi makadirio ya haraka yanavyopotosha. Mwanasaikolojia mwenzake, Gary Klein, yeye alikuwa akiwasifu wazima moto na wazoefu wengine wanaoamua kwa jicho moja na kupatia. Mwaka 2009 wakaandika pamoja na kukubaliana juu ya masharti mawili: hisia ya mzoefu inaaminika pale ambapo mambo yana utaratibu wa kurudiarudia, na pale ambapo mtu amepata nafasi ndefu ya kujaribu na kuona upesi kama alipatia au alikosea.

Tazama sasa nahodha kwa kipimo hicho. Akisoma upepo, mkondo wa maji na rangi ya bahari juu ya mwamba, masharti yote mawili yametimia. Bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo, hurudi kwa zamu ileile, na kosa lake litamjia jioni hiyohiyo kwa chombo kitupu au nyavu zilizochanika. Kwa hiyo jicho lake liaminiwe. Akigawa fedha, hakuna anayemrudishia jibu. Nimeiona hali hii ufuoni mara nyingi: mzee anampa kijana noti zilizokunjwa.

"Ami, hii ndiyo ya leo?"

"Ndiyo mwanangu. Bahari haikutoa. Kesho Mungu ataleta."

Kijana anasema ahsante na kuzitia mfukoni bila kuzikunjua, kwa kuwa kuzihesabu mbele ya mtu mzima ni utovu wa adabu. Mzee anaondoka akiamini ametenda haki. Kijana atazihesabu akifika kichochoroni. Heshima yetu, ambayo naipenda na nisingetaka ipungue, imemziba mdomo mtu pekee ambaye angemfundisha mzee kama amepatia. Mzee anaweza kugawa hivyo miaka thelathini asijifunze lolote.

Kuna tatizo la pili, nalo ndilo zito zaidi kwangu. Mgawaji ana fungu lake humohumo. Mwaka 1995 Linda Babcock, George Loewenstein na wenzao walitoa utafiti uliotumia mafaili ya kesi ya kweli ya Texas, pikipiki na gari zilizogongana. Watu walikaa wawiliwawili, mmoja mdai na mmoja mdaiwa, wapatane juu ya fidia. Waliojua upande wao kabla ya kusoma, asilimia 28 walishindwa kuafikiana. Waliosoma faili kwanza, ndipo wakaambiwa wako upande gani, walioshindwa walikuwa asilimia 6 tu. Karatasi ni zilezile. Hakuna aliyedanganya, kila mtu alisoma kwa nia njema na akaona haki inaelekea kwake.

Kwangu utafiti huo ndio unaoamua shauri hili. Mgao ukipangwa samaki wakiwa bado baharini, hakuna anayejua safari itatoa nini wala nani atakuwa amechoka zaidi. Ukipangwa fedha zikiwa mezani, kila mmoja ameshaona upande wake.

Wengine hutetea moyo kwa hoja kwamba mtu akiamua haraka huwa mkarimu, na akianza kuhesabu ndipo uchoyo unapoingia. Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 2012 David Rand na wenzake walipotoa majaribio yaliyoielekea. Mwaka 2017 maabara 21 zililirudia jaribio, na kwa jumla tofauti haikuonekana. Usikijenge chombo chako juu yake.

Kwa mafungu

Tuchukue mfano. Samaki wameuzwa kwa shilingi 24,000. Mafuta, barafu na chakula cha safari vimekula 6,000. Zimebaki 18,000. Kuna mwenye mali aliyebaki nchi kavu, nahodha, na mabaharia watatu. Walikubaliana hivi: chombo mafungu mawili, mashine moja, nyavu moja, nahodha mawili, kila baharia moja. Jumla mafungu tisa, kila fungu shilingi 2,000. Mwenye mali anaondoka na 8,000, nahodha 4,000, na kila baharia 2,000.

Idadi ya mafungu hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji na aina ya uvuvi hadi nyingine, na wala sidai kwamba hii ya mfano ndiyo ya haki. Nzuri yake ni kwamba inaweza kubishaniwa. Baharia anaweza kusema fungu la nyavu ni kubwa mno kwa nyavu kuukuu, na anazungumza habari za nyavu, hamtuhumu mzee wa watu. Mwenye chombo naye anaweza kujibu kwa vitu: mbao, misumari, pamba ya kalafati ya kuziba nyufa, sifa (mafuta ya papa) ya kupaka, siku ambazo chombo kiko juu ya mchanga hakiingizi kitu. Mazungumzo ya namna hiyo yanawezekana kati ya mdogo na mkubwa bila mtu kuvunjiwa heshima.

Wanaosema mafungu hukausha ukarimu niwaambie habari ya Lamalera, kijiji cha Indonesia kinachowinda nyangumi kwa mashua. Nyangumi akiletwa pwani hukatwa kwa kanuni kali. Mrusha chusa ana sehemu yake inayojulikana, mabaharia zao, na hata mafundi wa tanga na wa chuma waliobaki nchi kavu wana zao. Katika utafiti wa Henrich na wenzake, watu wa Lamalera ndio waliokata kwa ukarimu kuliko wote: kwa wastani walimpa mwenzao zaidi ya nusu. Watu wenye kanuni nzito namna hiyo wakawa wepesi kuliko wote wa kutoa. Mimi naona sababu iko wazi. Mtu aliye na hakika na fungu lake hana hofu, na asiye na hofu hutoa.

Ugomvi wa mafungu haukai kwenye mafungu, unakaa kwenye gharama. Ile 6,000 ya kwanza ilihesabiwa na nani? Kama mwenye chombo ndiye anayenunua mafuta na ndiye anayetaja bei yake, moyo umerudi kwa mlango wa nyuma. Risiti ikae ndani ya daftari, na malipo ya M-Pesa yatumike kila inapowezekana, kwa sababu ujumbe wa simu una tarehe na kiasi. Amueni pia mapema kama samaki wa kitoweo hutoka kabla ya mizani, na ni wangapi kwa kila mtu. Jambo hilo dogo limeleta maneno makubwa.

Na mafungu yakishawekwa, yakibadilishwa yabadilishwe kwa uangalifu. Mwaka 1986 Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza watu wa Toronto na Vancouver, Kanada. Duka huuza sepetu za theluji kwa dola 15. Asubuhi baada ya theluji nzito linapandisha hadi 20. Asilimia 82 walisema ni dhuluma. Sisi hatuna theluji, lakini tunalo barafu, na muuza barafu anayepandisha bei siku stima imepotea mji mzima atahukumiwa vivyo hivyo kila ufuo. Akipandisha kwa sababu yeye mwenyewe ananunua mafuta ya jenereta, watu wataelewa.

Swali lao jingine linatugusa zaidi. Mfanyakazi analipwa dola 9 kwa saa, kisha mwenye duka anaona wako watu tayari kufanya kazi hiyo kwa 7, akampunguzia. Asilimia 83 walisema si haki. Mfanyakazi huyo akiondoka mwenyewe, na mpya akaajiriwa kwa 7, asilimia 73 waliona ni sawa. Kwa mwenye chombo maana yake ni hii: baharia uliyezoea kumpa fungu zima usimpunguzie kwa kuwa kusi, msimu wa bahari chafu, imeleta vijana wengi wasio na kazi. Ukipata hasara ya kweli, onyesha risiti ya mashine na useme ni kwa muda gani. Mkataba mpya ufanye na mtu mpya.

Sawa kwa sawa

Hapa sitakaa sana. Njia hii inafaa pale ambapo mtaji ni mdogo au kila mtu ameleta kiasi kilekile: marafiki walionunua wavu mmoja kwa kuchanga, wanawake wanaokwenda pweza kwa miguu bamvua na kuuza kwa pamoja, kikundi cha mama karanga wa Malindi, yaani wanawake wakaanga samaki, wanaonunua ndoo ya samaki kwa pamoja na kukaanga kwa zamu. Hesabu yake mtoto anaielewa, na hakuna nafasi ya kuongeza wala kupunguza.

Kwa chombo chenye mashine inashindwa. Katika mfano wetu kila mmoja angepata 3,600. Mwaka wa kwanza kila mtu atafurahi. Deheni, ile dawa ya kupaka chombo chini, ikihitajika, au mashine ikiharibika, mwenye mali atajikuta anatengeneza kwa fungu lilelile analopata mtu aliyekuja na mikono yake. Ataacha kutengeneza. Chombo kibovu huwaua walioko ndani, hakimuui aliyebaki nchi kavu, kwa hiyo usawa huo unamgeukia baharia.

Mkiamua sawa kwa sawa mkagawana samaki wenyewe badala ya fedha, tumieni njia ya zamani ambayo haijapitwa: mmoja apange mafungu, mwingine achague kwanza. Anayepanga atajitahidi sana yawe sawa. Wakiwa wengi, yapangwe mafungu kisha kura ipigwe.

Tajiri, na zawadi yenye kamba

Kuna mtu wa nje anayebadilisha ulinganisho wote, naye ni tajiri anayenunua samaki. Huyu hukopesha nyavu, wakati mwingine mashine, halafu samaki wote huenda kwake kwa bei yake. Wavuvi wengi humpokea kwa furaha, kwa kuwa benki haitaki kusikia habari ya dau. Katika ule utafiti wa jamii 15, Waau na Wagnau wa Papua New Guinea walifanya jambo lililowashangaza watafiti: mara nyingine walikataa hata walipokatiwa zaidi ya nusu. Kwao zawadi kubwa ambayo hukuiomba ni deni, na aliyekupa atakuja kulidai siku anayoitaka yeye. Nadhani wako sahihi. Kabla ya kupokea mashine ya tajiri, hesabu tofauti ya bei yake na ya soko kwa kila kilo, uizidishe kwa kilo za msimu mzima, ndipo utajua umekopeshwa kwa kiasi gani. Fungu la mashine katika mgao wenu liwe la tajiri hadi deni liishe, liandikwe hivyo, na siku ya mwisho wake itajwe.

Sababu nyingine ya kuandika

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Fedha za namna hiyo zikitajwa, swali linalofuata ni mvuvi ni nani. Mwenye chombo ana karatasi za chombo chake. Baharia aliyevua miaka ishirini katika vyombo vya watu ana nini mkononi? Jina lake likiwa kwenye orodha ya BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, na kwenye daftari la mgao la kila wiki, ana ushahidi wa kazi yake na wa kipato chake. Aliyekuwa akipewa noti zilizokunjwa hana hata mstari mmoja. Nikifikiria vijana hao, najikuta siwezi tena kuitetea njia ya moyo kwa watu wasio wa nyumba moja, hata pale ambapo mzee ni mwema kabisa.

Ningechagua hivi

Baba na wanawe: moyo, ila mmoja wao aandike gharama. Marafiki wenye mchango mmoja na wavu mmoja: sawa kwa sawa. Wengine wote, na hasa pale ambapo mwenye mali hapandi chomboni: mafungu, yaliyokubaliwa kabla ya safari ya kwanza, mbele ya mtu asiye na fungu ndani yake, kama maalimu wa mtaa au mwenyekiti wa BMU. Moyo uachiwe mlango mmoja, nao ni fungu dogo la nahodha la kumtuza aliyefanya zaidi ya wajibu. Litoke kwenye mafungu yake mwenyewe au kwenye kiasi kilichotengwa na wote, na litangazwe mbele ya wote. Moyo utumike pia kuchagua mshirika. Mtu ambaye nafsi yako inamkataa usiingie naye baharini, hata kama hesabu zake ni safi.

Kifungu ambacho karibu kila mtu hukisahau ni cha hasara. Waislamu wengi wa huku wanajua kanuni ya mudaraba, ushirika wa mmoja kutoa mtaji na mwingine kutoa kazi: faida hugawanywa kwa sehemu iliyokubaliwa, haiwi kiasi maalumu cha fedha kilichotajwa mapema, na mtaji ukipotea bila uzembe, humpotea mwenye mtaji, naye mfanyakazi amepoteza jasho lake. Mkiwa mmechanga wote, hasara hufuata kiasi cha mchango wa kila mmoja. Maelezo ya ndani kamuulizeni kadhi au mwanachuoni mnayemwamini. Kisha andikeni wenyewe kwa lugha nyepesi: nyavu zikibebwa na mkondo ni za nani, mashine ikitumbukia majini nani analipa, na nahodha akikatazwa kutoka kwa sababu ya hali ya bahari, akatoka, mabaharia wanadai kwa nani posho ya siku walizolala bila kazi chombo kikitengenezwa.